Mashahidi Wawili wa Nyumba Moja: Uchambuzi wa Kisa cha Pampu ya Hewa Iliyovunjika Ndani ya Mawingu

Kisa hiki kimeandikwa kutokana na maelezo ya rubani mwenyewe, rekodi ya rada na ya mazungumzo ya redio, pamoja na ripoti ya fundi aliyeifungua pampu baada ya ndege kutua. Majina, viwanja, tarehe na namba ya usajili wa ndege vimeondolewa, na takwimu za kimo na muda ni za makadirio. Kimeandikwa kwa ajili ya marubani wanaojifunza au wanaoendelea kuruka kwa kutegemea ala, na kwa mafundi wanaozihudumia ala hizo.

Ndege, rubani na hali ya hewa

Ndege ilikuwa ya injini moja ya pistoni yenye viti vinne. Ilikuwa na ubao wa ala wa mtindo wa zamani, ule wa saa sita za duara mbele ya rubani: kipima kasi, upeo bandia (unaoonyesha ndege imelala au kuinua pua kiasi gani) na altimeta (kipima kimo) juu, kionyesha mgeuko, kionyesha mwelekeo na kipimo cha kupanda na kushuka chini. Ilikuwa pia na otopailoti, mtambo unaoendesha ndege badala ya mkono wa rubani, inayoweza kushika mwelekeo na kimo. Rubani alikuwa na saa 600 hivi za kuruka na kibali halali cha kuruka ndani ya mawingu, na alikuwa amefuatana na abiria mmoja asiyejua lolote kuhusu urubani. Mara ya mwisho rubani huyu kufanya zoezi la kuruka huku upeo bandia umefunikwa ilikuwa miezi minane kabla ya safari.

Mawingu yalianzia futi 900 juu ya kiwanja cha kuondokea na yalikwisha karibu na futi 9,000. Kimo cha safari kilikuwa futi 7,000, kwa hiyo safari yote, isipokuwa dakika chache za mwanzo na mwisho, ilipangwa kufanyika bila kuona ardhi wala upeo wa macho. Hapakuwa na barafu wala radi. Kwa rubani wa kiwango chake, ilikuwa safari ya kawaida.

Ala hizi zinafanyaje kazi

Bila kuelewa sehemu hii, yaliyofuata yataonekana kama uzembe tu, nayo hayakuwa uzembe tu.

Gurudumu zito likizungushwa kwa kasi kubwa, ekseli yake hung'ang'ania mahali inapoelekea. Ukiligeuza boksi lililolibeba, boksi hugeuka lakini gurudumu hubaki lilivyo, mradi limening'inizwa katika pete zinazoliacha huru. Huo ndio ung'ang'anizi ambao ala hizi zimejengwa juu yake. Katika upeo bandia, ekseli ya gurudumu imesimama wima. Ndege inapolala upande au kuinua pua, ni kasha la ala linaloizunguka jiroskopu, yaani gurudumu hilo na pete zake, na mstari mweupe unaoonekana kwenye kioo hubaki sambamba na upeo halisi. Katika kionyesha mwelekeo, ekseli imelazwa, na kadi yenye nyuzi 360 inaonekana kugeuka kadiri ndege inavyogeuka, ingawa kwa kweli ni ndege inayogeuka kuizunguka kadi.

Tabia ya pili ni ya kushangaza zaidi. Ukilisukuma gurudumu linalozunguka, haliinami pale uliposukuma, bali nyuzi 90 mbele, kwa kufuata upande linakozungukia. Kionyesha mgeuko kinaitumia tabia hii. Gurudumu lake halikuachwa huru pande zote. Ndege ikigeuka, gurudumu hulazimika kugeuka nayo, na nguvu hiyo hujitokeza kama kuinama ambako springi hukuzuia. Kadiri ndege inavyogeuka kwa kasi ndivyo kakielelezo kadogo ka ndege kwenye kioo kanavyolala zaidi. Ni muhimu kukumbuka kwamba kakielelezo hako hakaonyeshi ndege imelala nyuzi ngapi. Kanaonyesha inageuka au inabingirika kwa kasi gani. Bawa lake likigusa alama, ndege inageuka nyuzi 3 kwa sekunde, yaani mzunguko mzima kwa dakika 2.

Kilichoamua kisa hiki hasa ni kile kinachoyazungusha magurudumu hayo. Katika ndege hii, kama ilivyo katika nyingi za aina yake, upeo bandia na kionyesha mwelekeo viliendeshwa na hewa: pampu iliyofungwa kwenye injini hufyonza hewa kutoka ndani ya makasha, na hewa mpya inayoingia kupitia kichujio hupuliza vijisehemu vilivyochongwa ukingoni mwa gurudumu, likazunguka mara elfu nyingi kwa dakika. Geji ndogo huonyesha nguvu ya mfyonzo, ambayo kwa kawaida hutakiwa kuwa kati ya inchi 4.5 na 5.5 za zebaki. Kionyesha mgeuko, kwa makusudi kabisa, huendeshwa kwa umeme, ili kisife pamoja na wenzake. Kipima kasi, altimeta na kipimo cha kupanda hazina jiroskopu. Zinategemea shinikizo la hewa ya nje, na dira ya sumaku haitegemei chochote.

Pampu yenyewe ilikuwa ya aina kavu. Ndani yake mna rota (kiini kinachozunguka) na mabapa ya kaboni yanayojilainisha kwa vumbi lake yenyewe bila mafuta ya injini. Ni nyepesi na safi, lakini hufa kwa namna yake: hufanya kazi vizuri hadi sekunde ya mwisho, kisha rota hupasuka na kiunganishi cha plastiki hukatika, kama kilivyokusudiwa, ili injini isidhurike. Pampu hii ilikuwa imetumika zaidi ya saa 900, na hakuna rekodi kwamba mabapa yake yaliwahi kupimwa.

Mtiririko wa matukio

Ndege iliondoka asubuhi. Kwenye dakika ya 15 rubani aliwasha otopailoti, akaiagiza ishike mwelekeo wa nyuzi 090 na kimo cha futi 7,000. Kwenye dakika ya 40 alilinganisha kionyesha mwelekeo na dira, akakirekebisha nyuzi 4, jambo la kawaida, kwa kuwa jiroskopu hupotoka kidogo kidogo kutokana na msuguano wa beringi na kwa sababu dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa huku gurudumu likishikilia uelekeo wake. Ulinganisho huo hufanywa kila baada ya dakika 15. Uliofuata ulitakiwa dakika ya 55.

Fundi na mchambuzi wa rada wanakadiria kwamba pampu ilivunjika kwenye dakika ya 52. Hapakuwa na kishindo wala mtikisiko. Geji ya mfyonzo ilishuka hadi sifuri, lakini geji hiyo ilikuwa kwenye kona ya chini kulia ya ubao, karibu na goti la abiria, na kwa mtazamo wa rubani nusu yake ilizibwa na usukani wa upande wa pili. Magurudumu mawili yakaendelea kuzunguka kwa msukumo yaliokuwa nao, yakipungua mwendo kwa utulivu.

Kwenye dakika ya 55 rubani alikuwa akiandika taarifa ya hali ya hewa ya kiwanja alichokuwa akienda. Hakulinganisha dira. Rada inaonyesha kwamba wakati huohuo ndege ilianza kupinda kushoto, polepole mno, kiasi cha nyuzi 20 hivi kwa dakika.

Dakika ya 57, mwongozaji wa ndege aliuliza kwenye redio: "Thibitisha mwelekeo wako. Naona unageuka kushoto."

Rubani alitazama mbele. Upeo bandia ulionyesha mabawa sawa kabisa. Kionyesha mwelekeo kilionyesha nyuzi 090. Akajibu, kwa sauti ambayo kwenye rekodi inasikika haina wasiwasi wowote: "Niko kwenye 090."

Mwongozaji alikaa kimya sekunde chache, kisha akasema kwamba rada yake ilikuwa ikionyesha karibu nyuzi 050 na bado ndege ilikuwa ikigeuka. Hapo rubani aliona kwamba kakielelezo ka kionyesha mgeuko kalikuwa kamelalia kushoto. Katika maelezo yake ameandika kwamba wazo la kwanza lililomjia lilikuwa kionyesha mgeuko kimeharibika, kwa sababu ala mbili zilikuwa zikikubaliana na hiyo moja ilikuwa peke yake. Alipoinua macho kwenye dira, aliikuta ikisogea.

Alizima otopailoti na kushika usukani. Upeo bandia sasa ulionyesha ndege imelalia kulia kidogo, naye akaisawazisha kwa kusukuma kushoto. Kila aliposawazisha, mstari uliinama tena. Kwa sekunde 25 zilizofuata ndege ililala kushoto kupita nyuzi 35, pua ikashuka, kasi ikapanda kutoka noti (maili za baharini kwa saa) 120 hadi 150, na futi 900 zikapotea. Alichokisikia ni upepo. Mlio wa hewa nje ya kioo ulikuwa umebadilika, na macho yake yakaenda kwenye kipima kasi, kisha altimeta, kisha, kwa kuinama kuelekea kulia, kwenye geji ya mfyonzo. Ilikuwa sifuri.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, na kwa maoni yangu ndio uliookoa maisha ya watu wawili, ulikuwa kuachana na upeo bandia mara moja. Alipunguza nguvu ya injini, akasawazisha mabawa kwa kutazama kionyesha mgeuko peke yake, na baada ya hapo tu ndipo akavuta usukani taratibu. Mpangilio huo si wa hiari. Anayevuta usukani kabla ya kusawazisha mabawa huukaza ule mzunguko wa kushuka badala ya kutoka ndani yake, na mzigo juu ya mabawa huongezeka.

Mabawa yaliposawazika, pua ilipanda yenyewe kwa nguvu. Otopailoti, katika kupambana kushika kimo wakati wa kupinda, ilikuwa imekwisha kuvuta trimu, kirekebishi kinachoishikilia pua mahali pake, kuelekea juu bila rubani kujua. Ndege ilipanda futi 500 na kasi ikashuka hadi noti 95 kabla hajairekebisha. Wakati huo mwili wake wote ulikuwa ukimwambia kwamba anabingirika kulia. Sikio la ndani lilikuwa limekwisha kuuzoea mpindo wa kushoto kuwa ndio usawa. Ameandika kwamba aliegemea kushoto kwenye kiti kama mtu aliye juu ya mteremko, huku mkono wake ukifuata ala.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa mikono: alichana kipande cha karatasi ya ramani, akafunika upeo bandia, na kwa kipande kingine akafunika kionyesha mwelekeo.

Wa tatu ulikuwa kutangaza dharura na kueleza tatizo kwa maneno yaliyo wazi, kwamba amepoteza ala za hewa na hana mwelekeo wa kuaminika. Mwongozaji alianza kumwongoza kwa njia inayotumika pale jiroskopu zinapokosekana: anasema "anza kugeuka kulia", rubani anageuka nyuzi 3 kwa sekunde, kisha anaambiwa "acha kugeuka". Rubani hahitaji kujua anaelekea wapi; rada inajua. Alipotakiwa kugeuka nyuzi 60, ilikuwa sekunde 20.

Wa nne ulihusu mahali pa kutua. Kiwanja alichokusudia kilikuwa na mawingu ya futi 600, na alichotoka futi 900. Mwongozaji alimtafutia cha tatu, kilomita 70 hivi kando ya njia, ambako mawingu yalianzia futi 2,800. Rubani alikichagua bila kusita ingawa kilimaanisha kukaa mawinguni dakika 25 zaidi, kwa kuwa hakutaka kutafuta uwanja karibu na ardhi kwa ala nusu. Abiria alipewa kazi moja: kusoma dira kwa sauti kila ndege ilipokuwa imenyooka, kwa kuwa dira ya sumaku hudanganya ndege ikiwa inageuka au inabadilisha kasi.

Matokeo

Ndege ilitoka chini ya mawingu kwenye futi 2,600 na kutua salama saa moja na dakika 31 baada ya kuondoka. Fundi alipoifungua pampu alikuta kiunganishi kimekatika na rota ya kaboni imevunjika vipande vinne, huku mipira ya hewa ikiwa na vumbi jeusi. Mipira ilisafishwa na kichujio kubadilishwa kabla ya pampu mpya kufungwa, kwani vumbi la pampu iliyokufa likiachwa linaweza kuiua iliyofuata. Ala zenyewe zilipimwa na kukutwa nzima.

Uchambuzi

Swali ambalo wengi huuliza kwanza ni kwa nini rubani alijibu "niko kwenye 090" wakati hakuwa kwenye 090. Jibu ni kwamba ala yake ilisema hivyo, na sababu ya kusema hivyo ndiyo kiini cha kisa. Gurudumu linalopungua mwendo hupoteza ung'ang'anizi wake. Kadi ya kionyesha mwelekeo, badala ya kubaki mahali pake huku ndege ikigeuka, ilianza kuburutwa na kasha lake kwa msuguano. Ikageuka pamoja na ndege, na kwa hiyo ikaonekana imesimama. Ala hii ilikuwa inakufa, na dalili ya kufa kwake ilikuwa utulivu.

Upeo bandia nao ulikuwa ukiegemea taratibu, na hapa otopailoti ikawa mshiriki. Katika ndege hii otopailoti ilichukua habari za mlalo kutoka upeo bandia. Mstari ulipoanza kuinama kana kwamba ndege imelalia kulia, otopailoti iliilaza ndege kushoto kwa kiasi kilekile, na mstari ukarudi katikati. Rubani aliyetazama kioo aliona usawa mkamilifu kwa sababu kulikuwa na mashine inayofanya kazi bila kuchoka kuutengeneza usawa huo wa uongo. Otopailoti zinazochukua mlalo kutoka kionyesha mgeuko cha umeme hazifanyi hivi, na kila rubani anapaswa kujua yake ni ya aina gani kabla hajaingia nayo mawinguni. Rubani wetu hakujua.

Kosa la hesabu lililofuata linaeleweka. Alipiga kura: ala mbili dhidi ya moja. Lakini upeo bandia na kionyesha mwelekeo vilikuwa mashahidi wa nyumba moja, vikila chungu kimoja cha pampu ileile; ushahidi wao ulipaswa kuhesabiwa mmoja. Upande wa pili palikuwa na kionyesha mgeuko kinachotumia umeme, dira ya sumaku na rada ya mtu aliyeketi kilomita nyingi mbali, vyanzo vitatu visivyojuana. Mafunzo ya ala huwafundisha marubani kulinganisha ala na ala, na hilo ni sahihi, lakini mara nyingi hayatilii mkazo wa kutosha kwamba kinacholinganishwa ni vyanzo vya nguvu, si vioo.

Zile sekunde 25 baada ya kuzima otopailoti zinahitaji kuangaliwa bila ukali. Rubani alikwisha kushuku kwamba kuna kitu kibovu, na bado mkono wake ulifuata upeo bandia, kwa sababu ni ala kubwa, ya katikati, na kwa mamia ya saa ndiyo aliyoitii. Hakuna hisia ya mwili iliyoweza kumsahihisha. Katika jaribio lililofanywa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1954, watu 20 wasio na mafunzo ya ala waliingizwa katika hali ya kutoona nje. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Rubani aliyefunzwa anayefuata ala ya uongo hana tofauti kubwa na hao, isipokuwa kwamba yeye ana mahali pa kurudi.

Ndiyo maana ninakipa kile kipande cha karatasi uzito mkubwa. Kujua kwamba ala imekufa hakutoshi kama bado inaonekana. Jicho lililochoka litairudia, na dakika zaidi ya 30 zilizobaki zilikuwa nyingi. Baadhi ya waliosoma rasimu ya uchambuzi huu waliona kwamba alipoteza muda kuchana karatasi wakati ndege haijatulia vizuri. Sikubaliani nao.

Katika jambo moja ninaona angeweza kufanya vizuri zaidi. Mawingu yalikwisha futi 2,000 tu juu yake, barafu haikuwapo, na mafuta yalitosha. Kupanda kwa mabawa yaliyonyooka ni kazi rahisi hata kwa ala nusu, na juu angepata upeo halisi, muda wa kupumua na kufikiri, na kazi ya kushuka mawinguni ingebaki moja tu, fupi, iliyopangwa. Alieleza kwamba wazo hilo halikumjia kabisa. Akili yake yote ilikuwa ikielekea ardhini. Mwongozaji naye hakulitaja, ingawa yeye ndiye aliyekuwa na nafasi ya kulifikiria.

Kuhusu matengenezo, geji ya mfyonzo isingetoa onyo mapema, kwa kuwa pampu kavu haina desturi ya kuugua kabla ya kufa. Lakini kuna aina za pampu zenye tundu la kuchungulia urefu wa mabapa, na watengenezaji huweka saa za kuyakagua. Kusubiri ivunjike kulikuwa uamuzi uliofanywa bila mtu yeyote kuufanya.

Baada ya tukio, mmiliki alifunga taa nyekundu ya mfyonzo hafifu juu ya kipima kasi, mbele ya macho ya rubani, na upeo bandia wa pili unaotumia umeme wenye betri yake. Alifikiria pia kubadilisha ubao mzima uwe wa skrini, ambamo vihisio visivyo na gurudumu hufanya kazi ya jiroskopu na skrini huweka alama nyekundu ya mkasi pale habari zinapokosa kuaminika. Faida yake kubwa ni kwamba ala ya namna hiyo kwa kawaida haifi polepole. Hata hivyo mlalo na mwelekeo hutoka katika kasha moja la vihisio, kwa hiyo hesabu ya mashahidi inabaki ileile, na ule upeo wa akiba wenye betri yake ungehitajika hata kwenye ubao wa skrini.